Picha Aliyoikata Mjomba Wilf

Haya yalimpata mjomba wangu Wilf, hapa hapa mjini kwetu Oldham, na mpaka leo nikiyasimulia uso unaniwaka kwa aibu.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, manyunyu nje, chai ya maziwa mezani. Mjomba alikuwa amejipiga marufuku mwenyewe kwenye maduka yote ya kamari mjini. Hapa kwetu unawapa picha yako, wanaibandika nyuma ya kaunta, ukiingia wanakutoa. Alifanya hivyo baada ya kumzika mkewe, Enid, aliyekata roho hospitalini huku yeye akishangilia farasi kwenye duka la kamari. Binti yao, Gillian, alimwambia wazi: "Ukikanyaga tena humo, baba, mimi na mjukuu wako utusahau."

Picha aliyowapa ilikuwa yake na Enid, ya ufukweni. Alimkata mkewe kwa mkasi, akamtoa pichani. "Enid hakuwahi kuingia mahali kama pale," aliniambia, macho chini.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Siku hiyo kulikuwa na mbio kubwa. Mjomba akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akapanda basi hadi duka la mwisho wa mji, ambako hakuna amjuaye.

Binti wa kaunta akamwinamia.

"Mzee, wewe huruhusiwi humu," akanong'ona.

"Umenifananisha, mwanangu."

"Sikufananishi. Mama kaniambia ni wewe."

"Mama gani?"

"Si huyo uliyeingia naye?"

Watu wakageuka. Mjomba hakuthubutu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akainua macho, akaiona picha yake nyuma ya kaunta. Enid alikuwemo. Anatabasamu. Pale alipokuwa yeye, pana tundu la mkasi.

Alirudi kwa miguu, mvua ikimpiga, njia nzima akitunga uongo wa kumwambia Gillian. Mlango aliukuta umefungwa kama alivyouacha. Hata koti hajavua, simu ya mfukoni ikalia.

"Usinidanganye, baba," Gillian alikuwa analia. "Tumemalizana."

"Nani kakwambia?"

"Mama. Kanipigia sasa hivi. Kwa simu ya hapo nyumbani."

Simu ya nyumbani ilikatwa wiki ile ile tuliyomzika Enid. Mjomba akaifuata ukumbini.

Mkonga wa simu ulikuwa unaning'inia. Akaushika. Ulikuwa na joto.