Jina Alilobandikwa Kibarua

Kila siku ya likizo, binti wa mkandarasi aliongozana na mama yake, ambaye ndiye mkandarasi mwenyewe, hadi kwenye jengo walilokuwa wakijenga. Kazi yake ilikuwa kujaza pipa la maji ya kunywa na kugonga kipande cha nondo muda wa kupumzika ulipofika. Mafundi walimwita Bosi Mdogo, naye akavimba kichwa kweli kweli. Ulimi wake haukuwa na breki.

Mama yake hakulegeza masharti yake msimu wa joto. Maji yawe karibu, turubai la kivuli lisikose, na kibarua mgeni afanye nusu ya kazi ya wenzake wiki ya kwanza, mpaka mwili wake uzoee jua.

Jumatatu alifika kibarua mgeni, baba wa makamo aliyezoea ulinzi wa usiku. Alibeba makarai machache ya zege, kisha akaenda kukaa chini ya turubai kama alivyoelekezwa. Alipokwenda kivulini tena, Bosi Mdogo alipaza sauti ili mafundi wasikie.

"Jamani, Bwana Kivuli anarudi kwake."

Mafundi wakaangua kicheko. Hata mama yake alitabasamu. Jina likamganda mgeni wa watu, na kila alipoinuka waliuliza kama kitanda chake kimetandikwa. Alicheka nao, lakini kicheko chenyewe cha kulazimisha.

Kesho yake hakulikaribia turubai. Nondo ilipogongwa, wenzake walikaa, yeye akaendelea kubeba zege. Bosi Mdogo alimwona, na alijua fika kwamba alipaswa kumwambia mama. Lakini moyoni alijipongeza kwa kumgeuza mvivu kuwa mchapakazi. Akanyamaza.

Kabla ya adhuhuri mgeni alianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Karai likamponyoka, naye akaanguka puu. Ngozi yake ilikuwa inawaka moto. Walimbeba kivulini, wakamfungua vifungo, wakammwagia maji mwili mzima na kumpepea kwa vipande vya boksi, huku nyapara akiita gari la wagonjwa. Bosi Mdogo alichota maji ndoo baada ya ndoo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni mama yake alimpeleka binti wodini kumwona mgeni. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangempoteza. Binti alipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nisamehe. Mimi ndiye niliyekupa lile jina. Na leo nilikuona hupumziki, nikanyamaza."

Mgeni alimgeukia. "Jua nililivumilia, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kuchekwa na mtoto ninayeweza kumzaa ndiko kulikonishinda."

Mama wa binti naye akamwomba radhi mgeni kwa lile tabasamu lake. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nilidhani nimekamilisha kila kitu, maji, kivuli na mapumziko. Kumbe mtu akiona haya kukaa kivulini, turubai letu ni pambo tu. Ukimcheka anayejilinda, unamsukuma kwenye hatari kwa mkono wako mwenyewe. Mimi niliyecheka kimya nilisukuma pamoja nawe. Kesho tutasimama mbele ya mafundi, tuyaseme haya wote wawili."

"Ndiyo, mama," aliitikia binti, machozi yakimdondoka. "Nianze mimi."