Dereva Aliyekuja na Mnunuzi

Mimi sijawahi kutapeliwa. Miaka thelathini nimekuwa mtunza stoo bandarini, nimepokea na kutoa mizigo ya watu, na hakuna hata mfuko mmoja wa saruji uliopotea mikononi mwangu. Kwa hiyo nilipoamua kuuza gari nilijiambia, Uweso, wewe hawakupati.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla nyeupe ya mwanangu Nasri. Alikuwa fundi umeme wa magari, gereji yake ilikuwa hapa hapa Nguvumali. Alifariki mwezi wa nne. Alasiri alisema kichwa kinamgonga, isha tukawa tunamfunika shuka. Miaka thelathini na moja, hana ugonjwa wowote. Gari likabaki uani miezi mitano, na mimi nilikuwa siwezi hata kulipangusa vumbi.

Nisingeliuza. Lakini mama yake, mke wangu Sabiha, ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kufunga. La kulia lilikuwa linafifia, na jua likianza kuzama alikuwa haoni kitu ila vivuli. Daktari alisema afanyiwe upasuaji Moshi kabla ya mwaka kwisha, la sivyo na hilo linakwenda. Hela hatukuwa nayo. Gari lilikuwepo.

Jirani yangu Eliudi, keshia mstaafu, alinipa somo. Usiamini meseji ya simu kwamba hela imeingia, siku hizi wanazitengeneza. Usitoe kadi ya gari kabla hujashika hela. Usipokee hela giza likishaingia. Awepo shahidi. Nikayashika yote, na nikawa na langu moja la ziada ambalo sikumwambia hata yeye.

Nasri alikuwa amefunga swichi ya siri kwenye lile gari, kwa ajili ya wezi. Aliificha ndani ya sponji ya kiti cha dereva, upande wa mlango. Lazima uingize kidole kwenye tundu dogo uibonyeze, bila hivyo funguo utakuwa nazo na gari haliwaki. Duniani tulikuwa tunaijua watu wawili. Mmoja nilimzika mwenyewe.

Mnunuzi alipiga simu Jumatano. Alijitambulisha kwa jina la Castory, ana shamba huko milimani, upande wa Amani. Tukakubaliana milioni nne taslimu, kesho yake saa nne asubuhi. Saa nne hakutokea. Saa nane hakutokea. Alitokea adhana ya magharibi inaanza, kwa miguu, na mtu mmoja nyuma yake.

Sikuwa nimesikia bajaji wala pikipiki.

Ningemwambia arudi kesho. Lakini Sabiha alikuwa amesimama mlangoni, kashika fremu, uso kaugeuzia upande ambao mgeni hakuwepo.

"Ndiye, Baba Nasri?"

"Ndiye," nikasema, nikamwita Eliudi kupitia ukuta wa uani.

Castory alikuwa mtu mrefu, shati limenyooshwa pasi, sauti ya chini. Alinipa shikamoo yangu vizuri. Yule mwingine alibaki kwenye kivuli cha ukuta, kofia kaishusha mpaka machoni.

"Dereva wangu huyo," Castory akasema. "Mpe funguo alitazame gari, sisi tuhesabu."

Nikampa. Nilimwekea funguo kiganjani bila kumtazama, maana macho yangu yalikuwa kwenye mfuko aliobeba bosi wake. Kiganja kilikuwa cha baridi, kama cha mtu aliyetoka kuosha vyombo. Moyoni nilikuwa nacheka. Shika tu, nilijisemea, uone kama litawaka.

Tulipokuwa tunaingia ndani nikasikia harufu...

Kafuri. Ile tunayotia kwenye maji ya kumwoshea maiti. Nikadhani labda mtaa wa pili kuna msiba.

Eliudi alikuja na kile kitaa chake cha kukagulia noti. Noti mia nne za elfu kumi. Tulizipitisha kwenye mwanga moja moja, tukazikwaruza kwa kucha, tukazigeuza mbele na nyuma. Castory alikaa ametulia, mikono magotini, kama mtu anayesubiri chai.

Sabiha akatoka na kikombe cha maji. Kwake mgeni hakai nje na koo kavu. Baada ya muda akarudi anapapasa ukuta, kikombe bado kimejaa.

"Dereva hataki maji," akasema. "Wala kunijibu hakunijibu."

"Wangu hawaongei sana, mama," Castory akajibu taratibu.

Mimi nilikuwa kwenye noti ya mia mbili na kitu. Nikamwomba mke wangu aninyamazie nisipoteze hesabu.

"Mia tatu tisini na tisa," Eliudi akasema mwishowe. "Mia nne. Halali zote."

Tukaandika hati ya mauziano. Nikasaini, Eliudi akasaini kama shahidi. Castory akainama kidogo kuelekea kwangu.

"Umeridhika, mzee?"

"Nimeridhika."

Na hapo hapo, nje, gari likawaka.

Nilibaki na kalamu mkononi. Eliudi alikuwa anafunga noti kwa mpira, hakujua lolote. Sabiha alikuwa jikoni. Nikajaribu kukumbuka kama nilimwambia mtu yeyote, hata kwa utani. Sikuwa nimemwambia mtu.

Nilitoka mbio pekupeku.

Taa ya ndani ya gari ilikuwa inawaka. Kofia alikuwa ameivua, ameiweka kwenye dashibodi, pale pale alipokuwa akiiweka siku zote. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndio kwanza unatoka kwenye ubavu wa kiti.

Alikuwa Nasri.

Alikuwa amekonda. Puani kulikuwa na kipande cha pamba, kile kile nilichosimama nikatazama wakimwekea. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa na kitu ndani yake. Lakini shavu lilikuwa limelowa.

"Nasri," nikaita. "Nasri, baba..."

Shingo yake ikaanza kugeuka, taratibu, kwa shida. Nikasikia pumzi sikioni mwangu.

"Usipige kelele, mzee. Mkeo atasikia."

"Huyu ni mwanangu."

"Alikuja shambani kwangu mwezi wa tatu kutengeneza lori," Castory akanong'ona. "Nilimlipa mara mbili ya alichotaja. Akapokea kwa mikono miwili."

Nilikumbuka. Alirudi siku hiyo anacheka, anasema kakutana na tajiri asiyejua bei. Akamnunulia mama yake doti ya khanga, na mimi nikamsifu.

Niliponyoosha mkono, Castory alikwisha kuingia upande wa abiria na kufunga mlango. Gari lilirudi nyuma, likakata kona bila kugusa pipa la maji pale kwenye lango, ambalo wageni wote huligonga. Likaenda.

Eliudi alitoka na bahasha ya zile noti. "Dereva mwenyewe mzee hivyo," akasema, "atafika Amani usiku huu?"

"Mzee gani?"

"Si yule mwenye mvi?"

Niliketi chini kwenye mchanga nikalia kama mtoto, na Eliudi akadhani nalilia gari.

Nimemtafuta. Namba ya Castory haipatikani. Nimepanda Amani mara tatu, nimeuliza vijijini na kwenye mashamba, hakuna anayemjua. Kaburi la Nasri lipo vile vile, majani yameota. Mganga mmoja wa Pangani nilimpelekea ile bahasha akakataa hata kuigusa.

"Ulitamka kwamba umeridhika," aliniambia. "Lakini hela ikikaa bila kutumika, biashara haijaisha. Ukitumia noti moja tu, umemwachia mwanao moja kwa moja."

"Na nisipoitumia, atarudi?"

Mganga akatazama chini. "Sijui. Ila hutakuwa umemwachia."

Njia nzima kutoka Pangani bahasha ilikuwa mapajani mwangu. Ndani yake kulikuwa na macho ya mke wangu, na kulikuwa na mwanangu, na mimi nilitakiwa kuchagua. Mganga anaweza kuwa mwongo. Nalijua hilo. Lakini mimi nilimwona Nasri.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Sabiha tulitapeliwa. Noti zote bandia.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Alinitafuta mkono akaupata, akaushika.

"Zimekwenda hela, Baba Nasri. Watu tupo."

Eliudi habari hizo zilimfikia. Mtu aliyeshika noti za benki maisha yake yote, leo mtaa mzima unasema alipitisha karatasi. Alikuja akanitazama, akangoja nimweleze. Sikumweleza. Sasa hapiti tena kwangu.

Jicho la kulia la Sabiha lilifunga wiki mbili kabla ya Ramadhani. Aliniambia asubuhi, kwa sauti ya kawaida, kwamba leo hata dirisha halioni. Bahasha ipo chini ya godoro tunalolalia. Kila usiku naitoa naishika, kila usiku nairudisha, na ninajichukia.

Siku hizi jioni tunakaa barazani. Anapenda kusikiliza barabara. Anajua bajaji ya nani inapita, nani kanunua pikipiki mpya. Alhamisi iliyopita aliniambia kuna gari moja hupita hapa kila wiki wakati kama huu, na likifika kwetu hupunguza mwendo.

"Hilo hapo," akasema. "Lisikilize."

Sikuhitaji kulisikiliza. Nilikuwa nalitazama. Corolla nyeupe, kioo cha dereva kimeshushwa. Alikuwa amekonda zaidi. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Kila wiki anapunguza tusipigwe vumbi," Sabiha akasema, anatabasamu kuelekea barabarani. "Sijui mtoto wa nani huyo, amelelewa vizuri. Mpungie, Baba Nasri."

Nikainua mkono. Nikampungia.