Ng'ombe Aliyekataa Maji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma kahawa, Lenah humpa ng'ombe maji katika hori la chuma. Maji hutoka kwenye bomba la chuma kando ya nyumba. Binti yake Kinya, wa miaka mitatu, hupenda sana kuchezea bomba hilo.

Wiki moja ng'ombe alikataa maji. Alisogeza mdomo, akaruka nyuma.

"Ni Kobia," alisema Mwongera, mume wa Lenah. Kobia ni jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba. "Ametia kitu kwa maji."

"Baba Kinya, maji hayo tunakunywa sisi pia."

"Wewe humjui huyo mzee. Juzi alinisalimia akicheka."

Jioni Lenah alishika bomba, miguu ikiwa imelowa. Likamuuma mkono. Kinya alikuwa anakuja mbio na kikombe chake. Lenah akamnyakua, akamfunga mgongoni.

"Ni stima," alisema.

Mwongera akazima swichi kubwa ya umeme kwenye mita. Ng'ombe akaletwa tena, akaruka tena.

"Umeona? Stima nimezima. Ni Kobia."

Lenah hakubishana. Alimpigia simu Lorna, fundi wa umeme mwenye leseni pale Githongo.

"Msiguse bomba," alisema Lorna. "Na kama mna sola, mzime pia."

"Sola na bomba ni wapi na wapi?" Mwongera alinung'unika. Lakini aliizima.

Lorna alikuja na kipimo chake. Akakagua kila mahali.

"Nyumba yenu ina umeme wa njia mbili, laini ya stima na sola," alisema. "Ukizima mmoja, mwingine bado uko. Pampu ya maji inatumia sola. Waya wake umechubuka, umeme ukaingia kwenye mabomba hadi kwenye hori."

Kisha akainama ukutani. Fimbo mbili za shaba zilikuwa zimepigwa ardhini, moja ya laini, moja ya sola. Waya wa kijani na manjano ulioziunganisha ulikuwa umekatwa.

"Nani alikata huu?"

Mwongera akaangalia mibuni. "Mimi. Niliona umetoka kwa sola ukaenda kwa stima. Nikajua watu wa stima wananinyonyea sola, halafu waniuzie."

Lenah akaziba mdomo asicheke.

"Huu ni waya wa ardhi, haunyonyi kitu," alisema Lorna. "Kitu kikiharibika, unaupa umeme njia ya kurudi, na swichi inajizima. Nyaya za ardhi za laini, sola, hata jenereta, lazima fundi aziunganishe pamoja. Mabomba ya chuma pia. Ulipoukata, swichi haikujua kuna hatari. Umeme ukabaki kwenye chuma, ukingojea mtu."

Mwongera alimtazama Kinya mgongoni kwa mama yake.

Lorna alibadilisha waya wa pampu, akaunganisha fimbo na mabomba, akapima tena. Lenah akaandika kwa rangi juu ya mita: ZIMA SWICHI ZOTE MBILI.

Ng'ombe alinusa hori muda mrefu. Halafu akanywa.

Kobia alikuwa amesimama uani kwake na mzigo wa nyasi.

"Nasikia mimi ni mchawi wa maji," alisema. "Nimewaletea sumu ya kijani."

"Lete, mzee," alisema Mwongera, akaenda kumpokea. "Na unisamehe."

Lenah alimshusha Kinya. Mtoto akaenda bombani, akajaza kikombe chake.