Baba Mkwe Nje ya Dirisha

Jumamosi asubuhi, boma la Mzee Ogari huko juu ya Masimba huwa kimya kabisa, kwa sababu huku Jumamosi ndiyo siku ya ibada, na karibu kila mtu huenda kanisani. Lakini Jumamosi hii! Mama alikuwa kwenye makambi ya kanisa Kenyenya tangu jana. Kaka Abner alikuwa Kericho kwa kazi ya ujenzi. Nyumbani walibaki watatu tu: Mzee Ogari na goti lake lililovimba, binti yake Celestine wa miaka kumi na miwili, na Phanice, mke wa Abner, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza.

Celestine aliosha vyombo, akalisha kuku, kisha akampelekea wifi yake chai. Alimkuta ameinama, ameshika kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Wifi! Unaumwa?"

"Nyamaza. Imeanza alfajiri. Itapoa tu."

"Itapoa? Mtoto anapoa? Wacha nimwite Baba."

Phanice akamkamata mkono. "Ukimwambia Baba, mimi na wewe basi! Nitapita mbele yake vipi tena? Apa kwamba hutasema."

Celestine akaapa. Alielewa vizuri sana. Kwa Abagusii kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mambo ya mwili hayatajwi kati yake na mke wa mwanawe. Phanice alikuwa amekaa boma hilo miezi minane, na yote aliyowahi kumwambia Mzee ni "habari ya asubuhi" na "chakula kiko tayari."

Kufika saa nne, sakafu ilikuwa imelowa.

"Wifi, umemwaga chai?"

"Si chai," Phanice akasema, na sasa alikuwa analia. "Ni maji ya mtoto. Celestine, naogopa."

Celestine akasimama mlangoni. Ng'ambo ya uwanja alimwona baba yake akisikiliza nyimbo za kanisa redioni. Akageuka akamwambia Phanice, "Nichukie tu," kisha akatimua mbio.

"Baba! Wifi anazaa!"

Mzee akaruka, goti likamrudisha kitini. "Sasa hivi? Na mama yako yuko Kenyenya!"

"Nipe simu!"

Nambari ya Sista Aketch, muuguzi wa zahanati ya kule chini barabarani, ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu cha kliniki. Celestine akarudi na simu kwa Phanice, akapiga, na Sista akapokea mara moja.

"Nakuja na bodaboda, lakini barabara imejaa matope. Sikiliza, mtoto wangu. Osha mikono na sabuni. Tafuta nguo safi, kavu. Mama alale kwa ubavu. Usivute kitu chochote!"

Celestine alifanya hivyo, simu akiwa ameibana kwa bega. Spika ya sauti kubwa ya simu hiyo ilikuwa imekufa zamani. Phanice akapiga kelele, na Sista akasikia.

"Hiyo simu mpe mtu mwingine! Nataka mikono yako yote miwili!"

"Baba! Njoo ushike simu!"

"Niingie humo? Wewe una wazimu?"

"Basi simama nje ya dirisha!"

Mzee akaja akichechemea. Akapokea simu dirishani, akaupa ukuta mgongo, akakazia macho shamba la majani chai. Sista alikuwa akimwongelesha sikioni.

"Baba, anasema nini?"

"Anasema..." Akakohoa. Ndani, Phanice akalia tena. Mzee akafumba macho, akapaza sauti: "Anasema kichwa kikionekana, asisukume kwa nguvu! Aheme! Aheme haraka haraka, kama mtu aliyepanda mlima! Mama, umesikia?"

"Nimesikia, Baba!" Phanice akajibu.

Akahema. Mara mtoto akateleza hadi mikononi mwa Celestine, amelowa, rangi ya samawati, ametulia tuli.

"Halii! Baba, mtoto halii!"

"Mpanguse! Msugue mgongo na nguo kavu! Sugua, usiogope!"

Celestine akasugua. Hakuna kitu. Phanice alikuwa akiita jina la Mungu. "Sugua!" Mzee akanguruma. Celestine akasugua tena, na tena. Kikatoka kikohozi kidogo, halafu kilio kikali mpaka kuku wakatawanyika.

"Kifuani kwa mama!" Mzee akapiga kelele. "Wafunike wote wawili! Kitovu kisikatwe, Sista atakata!"

Sista Aketch alifika na matope hadi magotini. Akakata kitovu, akahakikisha kondo la nyuma limetoka na damu haizidi. Ndipo akakaa chini.

"Ni msichana. Gari linakuja, tunawapeleka hospitali waangaliwe. Lakini Phanice, kliniki nilikuambia nini? Uchungu ukianza, sema! Umekaa nao tangu alfajiri. Huyu angekawia kidogo tu kupumua, saa hizi tungekuwa tunalia sisi."

"Niliona aibu, Sista."

"Na mimi niliapa," Celestine akasema kwa sauti ya chini.

Kule nje, Mzee alikuwa bado ameupa ukuta mgongo. "Chinsoni nimeishika maisha yangu yote, na leo sitaiacha. Lakini kazi yake ni kunigeuza uso mimi. Haikukataza mtu anayeumia kusema, mama. Na wewe Celestine, ukiapishwa ufiche mtu aliye hatarini, usingoje hata dakika moja. Kimbia useme."

Mtoto alikuwa akinyonya.

"Baba?" Phanice akaita.

"Eeh, mama."

"Nina njaa. Nataka uji wa wimbi. Mwingi."

Celestine akainuka.

"Kaa," Mzee akasema. "Umefanya kazi ya kutosha." Akachechemea mwenyewe hadi jikoni.

Uji wenyewe uliungua, tena ulikuwa na mabonge. Phanice akamaliza vikombe viwili kabla gari halijapiga honi, kisha, kwa sauti iliyofika hadi jikoni, akaomba cha tatu.