Bi Nyodo na Boti ya Kukunja

Foleni ya ofisi ya vifurushi ilikuwa imefika mlangoni, na kisa chake ni mwanamume mmoja mrefu mwenye miwani aliyepiga magoti sakafuni, akipanga vipande vya plastiki ngumu kama mtu anayehamia. Alikataa kusaini mpaka ahakikishe kila kitu kimo. Nyuma yake alisimama fundi cherehani aliyefuata katoni yake ya vifungo, amevaa gauni la bluu lililomkaa sawasawa, viatu vya kisigino na hereni ndefu, na uso wa mtu aliyeonja shubiri.

"Kaka, utalala hapahapa au utatuachia na sisi nafasi?"

Mwanamume akainua kichwa. "Samahani, dada. Ni boti."

"Ni nini?"

"Boti ya kukunja. Unaibeba begani, ukifika majini unaifungua, unaingia. Natembea nayo, napiga kambi."

Watu walicheka. Fundi hakucheka, kwa sababu kicheko nacho ni sifa, na yeye hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo.

"Yaani mtu mzima mwenye kitanda chake anatoka nyumbani akalale chini, na kufika huko chini kwenyewe anabeba chombo begani?"

"Ndiyo hivyo. Hebu nishikie ncha hii."

Tabasamu lake lilikuwa zuri, jambo lililomuudhi fundi zaidi. Akashika ncha, mbele ya watu wote, bila kujua kwa nini. Mpaka boti inarudishwa kwenye boksi lake, namba ya simu ya fundi ilikuwa tayari imechukuliwa.

Katika jengo fundi alimofungua duka lake la kushona, watu walimwita Bi Nyodo, ila akiwa hayupo. Aliwadharau wateja waliobana matumbo futi ilipowazunguka kiunoni. Wachumba aliwakataa mmoja kwa soksi zake, mwingine kwa jinsi alivyopuliza chai. Huyu mpya wa boti alikuwa mpima macho, na Bi Nyodo alimdharau kwa mashati yake yenye mifuko minne, kwa ramani zake za mito, na kwa kuamini kwamba kuumwa na mbu ni starehe. Lakini simu ya mpima macho ikilia, cherehani ilisimama.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Mpenzi ni nani?"

"Ni yule anayepokea simu kabla haijamaliza kuita."

"Nilikuwa nayo mkononi tu, usijipe kichwa."

"Basi twende ziwani mwisho wa wiki. Tutavuka na boti, tulale ng'ambo."

"Mimi silali kwenye mkeka. Sikalii mawe kama mjusi. Sinywi kwenye kikombe cha plastiki, sisomi chekechea. Na nywele nitazitazamia wapi, kwenye maji kama bata?"

"Nitaangalia la kufanya," alisema kwa upole. "Ila nina swali dogo, usikasirike. Una kilo ngapi?"

Simu ilikatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Akaandika ujumbe mrefu kwamba boti ina kiwango chake cha mzigo, kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba angemuuliza hata waziri. Bi Nyodo aliusoma, akasonya, akausoma tena. Mizani ya duka la dawa ilikuwa imemwambia sabini na nane, naye akaidharau mizani. Akamjibu kwa neno moja: sitini. Nyani haoni kundule.

Walifika ziwani kwa gari la kukodi lenye dereva wake, na Bi Nyodo akasimama kivulini na miwani yake ya jua akitazama mwanamume akihangaika. Boti ilifunguka vizuri kuliko alivyotaka. Kisha vitu vikaanza kushuka garini: hema, sufuria, halafu kiti cha mbao chenye mito, godoro nene, kapu la bilauri na sahani za udongo, na kioo cha kujitazamia, kirefu kama mlango.

"Vyote hivi vya nini?" aliuliza.

"Vya kwako."

Moyo ulimruka, akauzuia. "Kioo chenyewe kina doa."

Nyuma ya boti palikuwa na kibandiko cha uzito wa mwisho. Alikisoma kwa jicho la pembeni, akakumbuka ile sitini yake, akanyamaza. Kusema kungekuwa rahisi, maneno mawili tu. Lakini angeyasema mbele ya mwanamume ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemcheka wiki nzima kwa kila kitu, na hilo hakuliweza.

Walipokuwa katikati ya ziwa upepo mdogo ulitosha. Maji yaliruka ukingo, yakalowesha godoro, na godoro lililolowa likawa zito kama ng'ombe.

"Tumekaa chini sana," alisema mpima macho, akaacha makasia.

"Nilisema mimi. Hii si boti, ni sanduku."

Mpima macho alirusha kiti majini. Kikafuata kioo, na kapu la bilauri, na lile godoro walilivuta wote wawili mpaka likatoka. Maji yaliyokwisha kuingia yalibaki, na mengine yalikuwa yakiongezeka.

"Unajua kuogelea?"

"Nitajulia wapi?"

Hakuuliza zaidi. Alivua viatu, akashuka nyuma ya boti, na boti ikainuka. Miwani yake ilikwenda na wimbi la kwanza. Akawa anasukuma kwa miguu, kichwa tu kikionekana, huku Bi Nyodo akichota maji kwa sufuria na kumwelekeza kwa ukali, "Kulia, kulia, huoni?"

Hakuwa anaona kweli.

Waliporudi ufukweni, mpima macho alitetemeka kwa baridi mpaka meno yakagongana. Bi Nyodo alikuwa amekufa kwa hofu na aibu, na kwake hofu na aibu vilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea.

"Mwanamume mzima," alisema, "mzigo wa boti moja umekushinda kuupima?"

Mpima macho alimgeukia bila miwani, macho yamekuwa madogo. "Ni kweli," akasema. Akaikunja boti peke yake, akamrudisha nyumbani, akamfungulia mlango wa gari, na hakupiga simu tena.

Bi Nyodo alimngoja kwa dharau, kisha akamngoja bila dharau. Alimkosa mpaka akashona mkono wa gauni la bibi harusi nje ndani. Mwishowe alimpigia shangazi yake na kumweleza yote.

"Subiri nielewe, mwanangu," alisema shangazi. "Kilo ulidanganya wewe, aliyeingia majini yeye, na aliyetukanwa ni yeye tena?"

"Shangazi, nawe."

"Mdomo uliponza kichwa. Nenda ukamwambie."

"Atanicheka."

"Na acheke. Wewe umewacheka wangapi?"

Alikwenda kliniki ya macho akiwa na gauni la kazini lenye nyuzi mabegani. Chumba cha kusubiri kilijaa watu, na mpima macho alikuwa mlangoni, na miwani mipya, akimshika mkono bibi mmoja mzee.

"Nina kilo sabini na nane," alisema Bi Nyodo, akiwa amesimama katikati ya watu. "Sitini ilikuwa uongo. Mimi ndiye niliyetuzamisha."

Mpima macho alimkalisha bibi kwanza.

"Nilijua," alisema. "Ulipoandika sitini, nikaongeza ishirini. Kutwa nzima nakaa na watu wanaoniambia wanaona vizuri."

"Sasa tulizama kwa nini?"

"Kiti. Godoro. Kioo. Mtu wa kambi habebi kioo. Niliona kibandiko, nikajua vimezidi, nikapakia hivyohivyo, kwa sababu nilikuogopa wewe kuliko maji." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kilo zako boti ilizibeba. Dharau zako ndizo hazikubebeka."

Machozi yalimtoka Bi Nyodo mbele ya watu asiowajua, akayaacha.

"Likizo yangu inaanza kesho," aliendelea mwanamume, sauti imeshuka. "Naenda mtoni. Hema na sufuria moja."

"Nichukue."

"Utakaa wapi?"

"Chini."

"Na mdomo?"

Bi Nyodo alifikiri kwa haki kabisa. "Huo siuahidi. Nimechoka kukudanganya. Ila nikikuumiza, niambie palepale, usiende kukunja boti kimyakimya."

Bibi mzee aliguna. "Mchukue, baba, utampata wapi mkweli mwingine."

Mpima macho alicheka, kicheko ambacho fundi alikuwa amekikosa mno. "Nina wagonjwa watatu kwanza. Utanisubiri?"

Benchi lilikuwa limechanika, sponji imetoka, na miguu yake haikuwa sawa. Maneno yalimjaa mdomoni, matamu, tayari kabisa. Akayameza, akakaa.