Injini Iliyotolewa Kisimani

Pikapu iliporudi kutoka gereji, Mama Marei aliisikia harufu yake kabla hajaiona. Haikuwa harufu ya dizeli. Ilikuwa harufu ya tope la chini ya kisima, lile tope jeusi lisilowahi kuona jua, na ilipanda ngazi za nyumba yao ya udongo mpaka jikoni alikokuwa akikata vitunguu. Aliweka kisu, akashuka.

Uani alimkuta mwanawe Yuslam amesimama mikono kiunoni, anacheka peke yake. Fundi Karama alikuwa ameinama kwenye boneti, weusi wa grisi umempanda hadi viwikoni.

"Mama Marei, njoo umwone bwana harusi!" Karama akaita. "Gari la marehemu mzee limerudi ujana. Petroli basi tena. Wacha wengine walale kwenye foleni za petroli, nyinyi mtawapita mkipiga honi."

"Lina nini ndani?"

"Dizeli, mama. Vishikio vya injini ya zamani nimevikata, nimechomelea vipya. Giaboksi nimeiunga kwa bamba la chuma. Springi za mbele nimebadilisha, maana injini hii ni nzito. Plagi nimezitupa, hazina kazi tena." Akamgeukia Yuslam. "Ila wewe sikia. Hii huizimi kwa ufunguo. Unavuta waya huu, unaikatia mafuta. Petroli ni mtoto mtiifu, ukimwambia lala analala. Dizeli ni mkwe aliyekuja kutembea: haondoki mpaka umnyime chakula."

Yuslam akacheka sana. Mama yake hakucheka.

"Mbona inanuka kisima?"

"Imekaa huko miaka, mama. Nimeisugua kwa mafuta ya taa mpaka mikono imechubuka. Itaisha tu."

Haikuisha.

Injini ile ilikuwa ya shamba. Kwa miaka mingi ilikaa kwenye kibaraza kilichochongwa ndani ya kisima, chini kidogo ya mdomo wake, ikivuta maji ya kunywesha mitende. Yuslam aliitaka kwa ajili ya pikapu ya baba yao, apate kubeba abiria na mizigo kutoka bondeni hadi pwani. Kaka yake Marei alikataa. Alisema gari likikosa mafuta linangoja, mtende ukikosa maji unakufa. Waligombana juu ya hilo hadi majirani wakazoea.

Kisha mwanzoni mwa majira ya baridi Marei akateremka kisimani kuzibua bomba la maji, na hakupanda. Watu walisema aliwasha injini mwenyewe bila kuona kwamba bomba la moshi lilikuwa limechomoka. Moshi ukamjaza. Walipomtoa mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kukimbia, na mama yake alimpiga-piga mashavuni akimwambia aamke, aache mchezo, mpaka wanawake wenzake wakamshika mikono.

Marei hakuwa ameoa. Hakuacha mtoto. Aliacha mitende, na jina ambalo bonde zima liliendelea kumwitia mama yake.

Safari za kwanza za Yuslam zilikwenda vizuri. Baadaye abiria wakaanza kumkwepa. Mwanamke mmoja aliteremka katikati ya nyika, na mizigo yake yote, akasema hawezi kukaa juu ya mtu anayekohoa. Yuslam alimwambia ni silensa. "Silensa haisemi 'fungua'," yule mwanamke akajibu, akaondoka kwa miguu.

Nyumbani nako mambo yalikuja mchana, saa ile ambayo watu wamekula, milango imerudishwa, na jua limewalaza hata mbwa. Mama Marei alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka aliposikia ndoo ikipiga maji. Chubwi. Kwao hapakuwa na kisima, kisima kilikuwa shambani, mbali na nyumba. Akasikia kamba ikivutwa, polepole, kama mvutaji ana mzigo mzito. Akaenda dirishani. Uani palikuwa na pikapu tu, imesimama kwenye jua kali, na chini yake udongo ulikuwa umelowa, na unyevu ule ulikuwa ukitambaa kuelekea mlangoni.

Yuslam akaanza kukohoa. Mwanzoni alisema vumbi. Kisha mama yake akaona leso yake, jinsi ilivyokuwa nyeusi kwa masizi, na akaona mashavu ya mwanawe yanavyozidi kuwa mekundu kila arudipo safari, wekundu ule ule alioupiga-piga kwa viganja vyake, lakini akajinyamazia, kwa kuwa kuna maneno ambayo mama akiyatamka tu yanakuwa kweli.

Ijumaa moja, baada ya sala, injini ikakataa kuzimwa. Yuslam alitoa ufunguo, ikaendelea. Akavuta waya, ikaendelea. Karama, aliyekuwa amealikwa chakula, alitoka mbio na tonge la wali bado mkononi, akachomoa mpira wa mafuta, dizeli ikamwagika chini, na injini badala ya kufa ikapandisha sauti, ikapandisha tena, moshi mweusi ukajaza uani, kuta za udongo zikatikisika, na ndani ya ule mngurumo, wote watatu walisikia, sauti ya mwanamume ikiita jina moja, ikiliita tena na tena, kila mara kwa pumzi fupi zaidi.

"Yuslam! Yuslam! Yus..."

"Inakula oyili yake yenyewe!" Karama akapiga kelele. "Izibe pumzi! Izibe!" Akavua shuka lake la begani akalisokomeza kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Injini ikalinyonya, ikakoroma, ikatetemeka, ikanyamaza.

Karama alilichomoa lile shuka. Lilikuwa limelowa chepechepe, linachuruzika maji baridi. Alilitupa kama aliyeshika nyoka.

"Hakuna maji mahali pale," alinong'ona. "Wallahi, Mama Marei, hakuna maji mahali pale. Mimi ndiye niliyeifunga."

Siku ya pili yake akaja na Sheikh Faraj, anayewasomea Kurani wenye majini katika kijiji cha jirani, mzee mfupi mwenye sauti kubwa. Walimketisha Yuslam sebuleni, ameshikwa mabega na Karama, mama yake mbele yake. Sheikh akasoma. Alisoma hadi jasho likamlowesha kanzu, na ghafla Yuslam akaacha kukohoa, akainua uso, na kinywa chake kikatoa sauti ya mwanamke, nzito, kavu, isiyo na haraka.

"Msomeeni huyu. Mimi sina kosa."

"Wewe ni nani?" Sheikh akauliza.

"Wa kisima. Nilikuwamo kabla hakijachimbwa. Marei alikuwa akitusalimia kabla hajashusha ndoo, na wanangu walilala kwa kusikia nyimbo zake. Huyu aliniletea moshi nyumbani. Marei hakufa peke yake mle ndani, ewe mama yake. Mwanao mmoja. Wanangu wawili."

Mama Marei alisogea mpaka magoti yake yakagusana na ya mwanawe.

"Mwache aseme mwenyewe," alisema.

Macho ya Yuslam yakarudi kuwa yake. Alimwona mama yake, akaanza kulia kama mtoto.

"Lile bomba la moshi," mama akamwuliza kwa sauti ya chini. "Lilichomoka?"

"Mama..."

"Nakuuliza, Yuslam."

"Nililichomoa. Nikawasha. Nikapanda juu."

"Ulijua yuko chini?"

"Nilijua."

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa nikamsikiliza, mama. Mpaka akaacha."

Karama alimwachia mabega kana kwamba yamemuunguza. Ile sauti ya mwanamke ikarudi, ikatoka katikati ya kilio cha Yuslam bila kungoja kiishe.

"Umesikia. Damu ya wangu ni haki yangu, ya Marei ni haki yako. Wewe ni mama, nami ni mama. Ukisamehe ya kwako, nami nitasamehe ya kwangu, nitatoka sasa hivi kupitia kidole chake cha mguu na hamtanisikia tena. Usiposamehe, nipe ruhusa."

Sheikh Faraj akamwinamia Mama Marei sikioni. "Mama yangu, msamehe. Mungu anawapenda wenye kusamehe. Umebaki na huyu tu."

Mama Marei alimtazama Yuslam, paji lile la uso la baba yake, kovu dogo la kidevuni alilolipata akiwa anajifunza kutembea. Alinyoosha mkono akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Yuslam akaubusu ule mkono, akaushikilia.

"Usimuue," Mama Marei akasema. "Nimezika mmoja. Siziki wa pili."

"Basi umesamehe."

"Sijasema hivyo." Akautoa mkono wake taratibu. "Nimesema usimuue. Kaa naye."

Yule wa kisima akacheka kwa kinywa cha Yuslam, kicheko kifupi, cha mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba.

Karama aliing'oa injini kwa amri ya mama, akairudisha kwenye kibaraza chake kisimani, akafunga bomba la moshi kwa nati mpya na kuondoka bila kudai chochote. Pikapu ilibaki uani haina moyo. Yuslam naye alikwenda shambani, kwani hakuwa na mahali pengine pa kuishi. Akivuka ukuta wa shamba kwenda nje, pumzi humkatika, midomo ikageuka rangi, na mara moja Sheikh alipojaribu kumvusha akimsomea, ilibidi wamburute kurudi huku kucha zake zikikwaruza mchanga. Karibu na injini ndipo anapopata hewa. Analala kando yake. Anaiwasha, anateremka, anazibua, anapanda, ananywesha mitende ya kaka yake, na wapita njia wanasema kuna mwanamke asiyeonekana anayemwamrisha kutwa nzima, wala hamwachi apumzike hata kwenye joto la mchana.

Mama yake humpelekea chakula kila siku, mkate wa moto na samaki mkavu, na humngoja amalize. Nywele za Yuslam zimekuwa nyeupe, na hajafika umri wa kuwa nazo.

"Mama," humwambia, ameshika pindo la nguo yake. "Neno moja tu. Litamke, nipumzike."

Mama Marei hukusanya vyombo, hukunja kitambaa vizuri, husimama.

"Safu ya mwisho bado haijanywa maji," humjibu.

Kisha hushika njia ya kurudi nyumbani, na nyuma yake injini huwaka yenyewe.