Kabla ya Kupanda, Jifunze Kuanguka

Mimi ni Mama Valary. Nakaanga mandazi hapa Soweto West, Kibera. Mimi na jirani yangu, Mama Audrey, tunatenganishwa na bati moja tu. Akikohoa nasikia.

Mume wake, Opondo, alikuwa fundi wa mjengo. Alianguka kutoka ghorofa ya nne bila mshipi wa usalama. Matangani watu walisema, "Ajali haina kinga." Mama Audrey alikataa kuliwazwa hivyo. Opondo mwenyewe alikuwa akiwaambia nyumbani, "Ukiwa juu, shika. Usiachilie." Sasa yeye aliachilia. Miaka miwili nimesikia kupitia bati mjane akimgombeza marehemu: "Kwa nini uliachilia? Kwa nini?"

Basi Jumamosi moja Audrey, bintiye wa miaka kumi na saba, alirudi na mkono umefura.

"Umefanya nini?" mama aliuliza.

"Nimeanguka, mum. Kule Kawangware, kwa jimu ya kupanda ukuta."

Woi! "Kupanda kulimuua baba yako! Unataka nizike mara mbili?"

"Nikiwa juu namkumbuka vizuri," Audrey alisema, akaanza kulia.

Tulimpeleka kliniki. Mfupa haukuvunjika. Jumapili baada ya kanisa tukaenda Kawangware, sisi watatu. Mama Audrey alienda kugombana. Mimi nilienda kuona, sitadanganya.

Jimu yenyewe ni godauni ya zamani. Ukuta una vishikio vya rangi nyingi, na haufiki mita tano. Hakuna kamba. Chini kuna godoro nene lililotanda sakafu nzima. Mwalimu wa hapo ni dada anaitwa Akoth.

"Ni wewe unaangusha mtoto wangu?" Mama Audrey alimrukia.

"Pole, mama. Alipanda na marafiki kabla sijafika. Hakupata somo la kwanza."

"Somo gani?"

"Kuanguka."

Akoth akaonyesha. "Kwanza angalia chini, pasiwe na mtu wala chupa. Ukiteleza, usigombane na ukuta. Achilia. Tua kwa miguu yote miwili, magoti yakunjike. Mikono iwe kifuani, usijizuie nayo. Halafu lala chali. Na kama hujachoka, usiruke. Shuka polepole kwa vishikio."

"Mimi niling'ang'ana na mkono mmoja, halafu nikajizuia na ule mwingine," Audrey alisema. "Baba, kabla hajaanguka mjengoni bila mshipi, alituambia tushike."

"Alisema ukweli," Akoth alimjibu. "Kazini kwake hakukuwa na godoro."

Mara Mama Audrey akavua viatu. Jameni! "Nionyeshe," alisema.

"Vua pete pia, mama. Ikinasa, itaumiza kidole."

Pete ile ilikuwa haijatoka tangu harusi. Aliivuta polepole, akampa Audrey.

Alipanda kidogo tu, miguu ikawa kimo cha kiti. "Achilia," Akoth alisema. Alikataa. Alishika mpaka mikono ikatetemeka. "Siachilii!" alipiga kelele. Na hapo hapo vidole vikafunguka. Akaanguka chali kwa godoro.

Hakuumia. Lakini hakuinuka. Alilia mpaka waliokuwa wakipanda wakashuka.

"Vimefunguka vyenyewe," alisema. "Opondo, nisamehe. Kumbe ulishika."

Akoth alipiga magoti kando yake. "Mkono wa mtu huchoka, mama. Ndiyo maana hapa kuna godoro, na mjengo unatakiwa kuwa na mshipi. Ajali ina kinga. Yeye alinyimwa."

Audrey alipumzika mpaka mkono ukapona. Sasa hupanda kila Jumamosi, na huanza kwa kuanguka mara tano kutoka kimo kifupi. Mama yake hukaa kwa benchi akimshikia viatu. Na hapa kwetu, mwanamume akienda mjengo, Mama Audrey humsimamisha njiani: "Umepewa mshipi?" Wengine humcheka. Yeye huendelea kuwauliza tu.

Kupitia bati bado nasikia. Hamgombezi Opondo tena. Sasa anamlilia.